Kuni za Watiri

Kwetu, kwenye mashamba ya majani chai juu ya Nyeri, ambulensi ilikuwa gari la wafu. Tuliiita mgonjwa akiwa amebakisha pumzi kidogo tu, kisha akifa tunasema hospitali haina faida. Jirani yetu, mama mmoja aitwaye Watiri, alituambia usoni kwamba sisi ni wajinga. Tulimchukia, lakini harusini tulimwita, maana hakuna aliyemshinda kwa kuponda mukimo wa viazi na mahindi.

Asubuhi moja ya masika, Wendy, mke wa mwanawe Mwai, alianza kuvuja damu kabla ya uchungu wa kujifungua. Mwai alikuwa Timau, kwenye shamba la maua. Watiri akachukua simu. Shemeji yake Wahome, mwenye pikipiki, akamzuia mlangoni.

"Mama Mwai, wacha hiyo maneno. Ukiita hiyo gari watu watasema tuko na maiti hapa. Nitambeba na nduthi, pole pole."

"Ngendo dada yangu alitoka hapa na nduthi yako akiongea," Watiri akasema. "Akafika hospitali huko chini akiwa amenyamaza. Huyu atatoka hapa kwa mlango yangu akiwa amelala kwa kitanda ya gari."

Akapiga.

King'ora kiliposikika bondeni, tulifanya tulichozoea. Wanawake wakabeba mizigo ya kuni mgongoni, za kuwapikia waombolezaji. Wanaume wakachukua viti. Mtu akaanzisha wimbo wa mazishi, na tukafika getini kwa huzuni kubwa, huku Wendy yu hai kitandani akisikia tunavyomzika.

Watiri akatoka nje. Nilidhani atatupiga, na angetupiga tungestahili. Lakini hapo hapo akatokea dereva wa ambulensi, Yasin, Mwislamu wa Nyeri mjini, kwa miguu, matope mpaka magotini.

"Mama, gari imekwama hapo kwa kituo ya kupima majani chai. Nyinyi mko wengi, mumbebe tu mumlete."

"Hakuna mtu atambeba, damu itazidi," Watiri akasema. Akatutazama migongo. "Hizo kuni mmeletea nani? Pelekeni chini ya magurudumu. Na huo wimbo wenu, sukumeni nao."

Tuliona aibu, na aibu ina nguvu. Tukatandika kuni kwenye matope, tukasukuma tukiimba wimbo ule ule wa mazishi kwa sababu hakuna aliyekumbuka mwingine. Wahome alisukuma mpaka kiatu kikabaki topeni. Gari likapanda, likafungua mlango wake mbele ya mlango wa Watiri, kama alivyosema.

Wendy alifika hospitali, akapona. Mtoto ni msichana, na kwa kuwa binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake wa upande wa baba, naye ni Watiri. Mdomo anao vilevile.

Siku hizi king'ora kikilia bado tunatoka na kuni mgongoni. Ila hakuna anayeuliza nani amekufa. Tunauliza gari limekwama wapi.