Amri Iliyokisia Tarehe

Mwaka wa tatu tangu nichaguliwe kwenye kamati, lilikuja pendekezo nililolichukia kabla sijafika mwisho wake. Tulikuwa watu saba, kila mmoja na nchi yake, na kazi yetu isiyo na mshahara ilikuwa kuamua lugha moja kongwe ya kompyuta ibadilishwe nini na iachiwe nini. Lugha hiyo niliisomea Kampala, enzi za ukimbizi. Niliporudi Juba ndiyo iliyonilisha: maduka kadhaa ya hapa yanatumia programu nilizoandika kwa lugha hiyo chumbani kwangu mtaa wa Buluk.

Pendekezo lilitaka tuondoe amri ya zamani inayosoma tarehe. Ukiipa tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu tupu, yenyewe inakisia ipi ni siku na upi ni mwezi. Mwenye pendekezo alikuwa mhandisi wa ng'ambo, mwanakamati mwenzetu, mtu wa adabu iliyozidi. Kesho yake aliniandikia pembeni, wenzetu wasione: "Sauti yako kutoka Afrika itakuwa na uzito. Natumaini uko upande wetu."

Upande wetu? Sikujua kama kulikuwa na pande.

Nikaanza kumchimba. Haikuchukua hata saa moja. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa inauza chombo cha kurekebisha programu za zamani, zile zile ambazo pendekezo lake lingezivunja. Kumbe! Nikaandika hoja ndefu ya kupinga, nikaiweka tayari.

Kabla ya kikao akanipigia mama mmoja Mganda mwenye duka la dawa mtaa wa Munuki, mteja wangu.

"Dada yangu, kuja. Huyu mdogo wangu anachezea tarehe kwa kompyuta. Mimi iko na ushahidi."

Nikapanda boda. Nilimkuta mdogo wake, mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu, amekaa juu ya katoni, macho yamevimba. Mkoba wake ulikuwa umemwagwa juu ya kaunta, na wateja wawili walikuwa wakitazama.

"Ona," mama akasema, akinisogezea boksi la dawa. "Hapa inasema mwisho wa dawa ni tarehe tano, mwezi wa kumi na moja. Kompyuta inasema ilikufa mwezi wa tano. Nani anaandika kwa kompyuta? Yeye peke yake. Anasema dawa imekufa, halafu anapeleka kuuza soko la Custom."

Nilimtazama yule mdogo wake, na nakiri niliamini. Niliamini kwa sababu hakuinua uso.

"Zingine kompyuta inasema sawa," akasema polepole. "Kama mimi ni mwizi, kwa nini sikuharibu zote?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha mbele ya mashine. Nikapitia tarehe moja moja, nikilinganisha na maboksi. Zote za kuanzia siku ya kumi na tatu zilikuwa sahihi. Zilizopotoka zilikuwa za siku kumi na mbili za mwanzo wa mwezi, zile ambazo siku inaweza kudhaniwa kuwa mwezi. Ile amri ya kwenye pendekezo ilikuwa inakisia, na mimi ndiye niliyeiweka pale, kwa haraka, bila kuijaribu.

"Si yeye, mama," nikasema. "Ni kosa langu."

Akanikazia macho. "Unamtetea? Amekupa nini?"

Nikaandika tarehe mbele yake, tena na tena, mpaka akaona mwenyewe namna mashine inavyogeuza. Mdogo wake akaanza kurudisha vitu vyake mkobani.

"Umenipekua mbele ya watu," akamwambia dada yake. Wiki hiyo hiyo akapanda basi la kurudi kwao Arua, Uganda.

Kwenye kikao niliifuta hoja yangu. Nikawasimulia habari ya duka la Munuki, kisha nikamuuliza yule mhandisi, wote wakisikia, kwa nini hakutueleza biashara ya kampuni yake.

"Nilimwambia mwenyekiti tangu mwanzo," akajibu kwa adabu ile ile.

Mwenyekiti akakohoa. "Sikuona kama ni jambo la kuwasumbua."

Sasa nikawa na watu wawili wa kuwatilia shaka. Hata hivyo amri ilikuwa mbaya, na ubaya wake nilikuwa nimeuona kwa macho yangu. Nikasema iondoke, ila chombo cha kurekebisha kitoke pamoja na lugha yenyewe, bure, na watu wapewe onyo mapema. Mhandisi akakubali papo hapo, upesi kiasi kwamba nilirudia kusoma pendekezo mara nne nikitafuta mtego. Sikuuona, na bado sikutulia. Nikapiga kura ya ndiyo. Likapita.

Niliirekebisha programu ya Munuki siku iliyofuata, nikampigia yule mdogo wake mama huko Arua kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema, akakata simu.

Mama hajaacha kuitumia programu yangu. Lakini pembeni ya kompyuta ameweka daftari, na kila tarehe anaiandika kwa mkono, mwezi kwa jina lake, kisha analinganisha. Nilipomwambia hakuna haja tena, hata hakunitazama.

"Kalas, imekwisha, dada," akasema. "Sasa mimi nacheki kila mtu. Na wewe pia."