Ndizi za Wajomba

Devotha, mwenyekiti wa kamati ya chakula ya shule, hakuwa na shaka na hesabu yake ya jikoni. Wakila watoto wengi, kuni ni zile zile. Wakila wachache, kuni ni zile zile, na mpishi hakubali kulipwa nusu. Kwa hiyo kila mzazi aliyemtoa mwanawe kwenye chakula hicho aliwaongezea mzigo waliobaki, mpaka nao wakachoka.

Mchango ulikuwa mahindi. Huko juu ya Matombo, kwenye milima ya Waluguru, mahindi hununuliwa, tena kwa kuyafuata hadi gulio la Mkuyuni, ilhali migomba imesonga mpaka milangoni. Mwalimu Abdulatif, mkuu wa shule, alikwisha kusema: ikifika siku ya kufunga shule na nusu ya watoto bado hawali, jiko litafungwa.

“Basi tupokee ndizi,” Devotha alisema.

Akaita kikao cha wazazi kwa kufuata daftari la shule, lenye majina ya akina baba. Wakaja, wakakubali kwa makofi: kila nyumba mkungu mmoja kwa wiki.

Jumatatu haikuletwa hata chane moja.

Devotha alimkuta Amosi, mmoja wa wale akina baba, kisimani. “Wewe uliyepiga makofi kuliko wote, mkungu uko wapi?”

“Wa nani, dada? Mimi pale nimeoa tu. Nikigusa mgomba wao, mashemeji watanikata mimi.”

Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakacheka. Devotha hakucheka. Yeye ni Mluguru wa kuzaliwa. Alijua tangu utotoni kwamba shamba ni la ukoo wa mama na msemaji wake ni mjomba. Alikuwa amewaomba watu wagawe mali isiyo yao. Hata mume wake alipiga makofi, naye hana mgomba hata mmoja.

Jioni ile ile alipanda kwa Mzee Deogratias, kaka wa marehemu mama yake, msemaji wa ukoo wao.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Nasikia mmegawa ndizi zetu. Mmetubakishia maganda?”

“Nimekosea, mjomba. Nimekuja kuomba.”

“Watoto wa mabinti zetu nitawalisha, hao ni wetu. Lakini nilishe na watoto wa koo nyingine?”

“Wanao wa kuzaa ni wa ukoo gani?”

Wana wa mzee ni wa ukoo wa mama yao, na wawili kati yao wanasoma shule hiyo hiyo.

“Wajomba zao wakisema hivyo hivyo,” Devotha akaendelea, “wanao watakula nini?”

“Una mdomo kama mama yako.” Akacheka mpaka akakohoa. “Waite wajomba wote. Mimi nitawaambia. Wakikataa, watanieleza wanangu wana kosa gani.”

Wiki iliyofuata mikungu ilirundikana mlangoni mwa jiko. Mchana foleni ya watoto ilizunguka darasa la pili, na Mwalimu Abdulatif, aliyekuja kuhesabu wanaokula, aliishia kutumwa akaazime sufuria ya pili misheni.

Mzee Deogratias naye alikuwapo, mikono nyuma, akichungulia jikoni.

“Nimekuja kuona ndizi zetu zinavyopikwa.”

“Karibu, mjomba,” Devotha akasema, akimkabidhi kisu. “Zinaanza kwa kumenywa.”