Gawa kwa Sita, Ondoa Kidogo

Kwanza niseme wazi, mimi si mtu wa kubembeleza. Nimefundisha hesabu miaka kumi na tisa, wanafunzi wananiita Kanuni, na jina lenyewe silichukii. Ukiniletea jibu bila kanuni nakukata alama zote, hata jibu lako liwe sahihi namna gani. Ndivyo nilivyofundishwa, nami ndivyo nilivyofundisha. Walimu wenzangu walikuwa wakibishana pale ofisini juu ya nini hasa watoto wajifunze katika hesabu, huyu akitaka hesabu za dukani tu, yule akiililia aljebra mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Mimi nilijiinamia kwenye madaftari yangu. Muhtasari wa somo ukija, nafundisha muhtasari. Sikuona kuna nini cha kugombania.

Sasa, muhula ule nilitunga mtihani, na ndani yake nikaweka swali moja la kuwapa alama za bure. Mzingo wa duara ni sentimita 132, tafuta nusu kipenyo. Hakuna jipya hapo. Unachukua mzingo, unagawa kwa pai mara mbili, na pai kwetu ni ishirini na mbili juu ya saba. Unapata 21, unahamia swali linalofuata. Binti mmoja wa dawati la tatu, mtoto wa fundi cherehani, yeye aliandika hivi: 132 gawa kwa 6 ni 22. Ondoa 1. Jibu 21.

Nikasoma mara mbili. Ondoa moja? Moja imetoka wapi? Pembeni yake alikuwa ameketi yule anayeongoza darasa, naye alikuwa na 21 yake yenye kanuni iliyonyooka. Nikaona mchezo nimeshauelewa: kachungulia jibu kwa mwenzake, halafu kajitengenezea kichochoro cha kulifikia. Nilimwita mbele. Hakulia, wala hakujitetea sana. Alisema tu kwamba ndivyo mama yake anavyokata sketi. Nikamwambia hapa hatushoni nguo, darasa zima likaangua kicheko, nami nikajiona nimesema la maana. Kabla kengele ya mwisho haijalia nilikuwa nimeshaandika ripoti kwa mwalimu mkuu kwamba mwanafunzi ameibia mtihani.

Uzito wa ripoti ile niueleze. Shuleni kwetu aliyeibia anafutiwa mtihani wote na kurudia mwaka. Binti huyu alikwisharudia mara moja, mwaka ule alipougua, na kurudia mara ya pili hairuhusiwi. Kwa hiyo ripoti yangu ikikubaliwa, shule kwake imekwisha. Nilijua hivyo nilipotia sahihi, na sitajitia hamnazo leo.

Kikao kikapangwa Ijumaa. Mwalimu mkuu wetu ni mwanamke asiyependa maneno mengi. Aliniambia barua ya kumwita mzazi niipeleke mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye mlalamikaji na njia yangu ya kurudi nyumbani inapita mlangoni kwa fundi. Jumatano baada ya vipindi nikaenda, nimenuna njia nzima.

Kile kibanda cha fundi ni chumba kimoja tu kinachotazama barabara. Kuna cherehani mbili, moja ya miguu, na nyingine imefunikwa shuka. Nafasi iliyobaki imeliwa na meza ya kukatia, ambayo miguu yake imepandishwa juu ya matofali ili mwenye kazi asivunjike mgongo. Rili za nyuzi zimechomekwa kwenye misumari, pasi inanukia kitambaa kilichopata moto. Lakini jicho langu lilikwenda ukutani. Nyuma ya meza, kuanzia chini usawa wa goti mpaka juu ya fremu ya dirisha, kulikuwa na namba za penseli. Safu mbili mbili, nyingine zimefifia, nyingine zimekatwa na kuandikwa upya. Mwalimu wa hesabu haoni namba akazipita, ni ugonjwa wetu.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, pini zimejipanga kwenye kola yake, tepu shingoni. Akanikaribisha kwenye kiti pekee kilichokuwepo na kuniomba radhi nimsubiri kidogo. Chaki ikishagusa kitambaa, alisema, yeye hasimami. Basi barua ikabaki mfukoni, nami nikakaa kumtazama.

Alikuwa anakata sketi ya duara, ile ambayo mvaaji akigeuka inafunguka kama mwamvuli. Alikunja kitambaa katikati, kisha akakikunja tena, kikawa tabaka nne. Akabana ncha ya tepu kwenye kona kwa kidole gumba, akatazama karatasi ya vipimo, kiuno 66. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikumbusha wapi ameweka ufunguo, sita kwenye sitini na sita ni kumi na moja, ondoa nusu. Akazungusha tepu na kuchora robo duara kwenye kumi na nusu.

Nami kichwani nikafanya kwa njia yangu. Sitini na sita mara saba, gawa kwa arobaini na nne. Kumi na nusu. Si karibu na kumi na nusu, ni kumi na nusu yenyewe! Kijasho chembamba kikanitoka. Kikafuata kitu kingine ambacho sikuwa nimekisikia miaka mingi, yaani hamu ya kujua. Maana binti kule kwenye mtihani aliondoa moja, na huyu hapa mama mtu anaondoa nusu. Kwa nini? Barua nikaisahau. Nikamuuliza.

Akacheka kwa pua, akaweka mkasi chini. Alisema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hilo, wao wanauliza tu nguo itakuwa tayari lini. Kisha akanieleza, na alivyokuwa akieleza ungedhani anamsema jirani.

Yeye shule aliiacha mapema, na iliyomtoa ni hesabu. Mwalimu wake alimwita kichwa maji mbele ya wenzake mpaka akaliamini jina. Akaenda kwa shangazi yake kujifunza kushona. Shangazi alimpa kanuni moja ya sketi ya duara: kiuno gawa kwa sita, ondoa nusu, kata. Ukiuliza nusu ni ya nini, unaambiwa funga mdomo ushone. Akashona hivyo miaka, na nguo zikakubali, kwa sababu wateja wa shangazi walikuwa mabinti wembamba. Alipofungua kibanda chake akaja kiongozi wa kwaya, mwanamke aliyejaaliwa, kiuno 110. Akamkatia vile vile. Siku ya kuimba mama wa watu aliongoza kwaya kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshikilia sketi isimshuke. Fundi alikuwa amekaa benchi la mbele, na aibu aliyoipata, alisema, mpaka leo akiikumbuka masikio yanamuwaka.

Wengine wangeibana kiuno wakasahau. Yeye akaanza kupima. Alipima kila kitu cha duara kilichokuwa nyumbani kwake: sahani, ungo, vifuniko, sufuria, beseni la kufulia. Kwanza anakizungushia tepu, kisha anapima upana wake na kuugawa nusu, na namba zote anaziandika ukutani. Mumewe alidhani amepatwa na mashetani ya vyombo. Aliyemshikia ncha ya pili ya tepu alikuwa binti yake, enzi hizo ana miaka saba. Baada ya miezi mitatu ukuta ukaanza kusema. Sufuria yenye mzunguko wa 66 inataka uondoe nusu. Beseni lenye 132 linataka moja kamili. Kinachoondolewa si kimoja kwa wote, kinakua pamoja na kiuno, na kinakua kwa mwendo ule ule. Shangazi hakukosea, ila alikuwa na jibu la kiuno kimoja akalifanya la dunia nzima.

"Sita inakaribia, mwalimu," akaniambia, akigonga ukuta kwa kidole. "Inakaribia kabisa, halafu inakataa."

Niliitazama safu ile ya namba, nikatafuta kosa. Sikulipata. Ndipo nikakumbuka kilichonileta, na mkono ukawa mzito kuingia mfukoni. Nikampa barua. Aliisoma polepole, midomo inacheza, akaikunja na kuiweka chini ya kipande cha chaki. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika kwamba mwanawe kaiba. Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye mkasi wake, nami nikaondoka nikiwa mdogo kama kidonge cha piriton.

Alhamisi asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu kabla hajafungua madirisha. Nikamwomba nifute ripoti, nikamsimulia sufuria na beseni. Alinisikiliza huku amekunja uso. Akasema ripoti iliyokwisha sainiwa haifutwi kwa hadithi za vyombo, maana kesho kila mzazi atakuja na hadithi yake. Mtoto aulizwe Ijumaa, mbele yetu sote.

Ijumaa tulikuwa wanne katika ofisi ile. Fundi alikuja na tepu shingoni, nadhani alisahau kuivua. Binti alisimama kando ya kabati la mafaili, mikono nyuma. Mwalimu mkuu alisema wazi kwamba hana hakika. Huenda mtoto alikariri 132 kutoka ukuta wa mama yake, huenda alichungulia kwa jirani, yeye hakuwepo. Basi atampa mzunguko mwingine. Akafikiri kidogo, akasema arobaini na nne.

Jibu nilikuwa nalo, ni saba, lakini nani ana kiuno cha arobaini na nne? Labda mtoto mchanga. Namba hiyo ukutani sikuiona. Binti akamtazama mama yake. Mama akainamisha macho makusudi, akawa anasoma sakafu. Nilimwombea mtoto yule kuliko nilivyowahi kumwombea mwanafunzi yeyote, na ni mimi niliyemfikisha pale.

"Arobaini na nne gawa kwa sita ni saba na theluthi," akasema taratibu. "Mia moja thelathini na mbili inaondolewa moja. Arobaini na nne ni theluthi yake, basi nayo inaondolewa theluthi. Inabaki saba."

Mwalimu mkuu akageukia kwangu. Nikasema ni saba, kwa furaha na aibu pamoja. Akachukua ripoti yangu, akapiga mstari kutoka kona hadi kona, akaniagiza nimrudishie mtoto alama zake zote. Binti akashusha pumzi. Nikamwomba radhi pale pale, na kwa kile kicheko cha darasani pia nikamwomba. Akasema haya, mwalimu, yameisha.

Kikao kilikuwa kimekwisha. Lakini mwalimu mkuu alitaka kumuaga mzazi kwa heshima, akamsifu, akasema pengine sasa tufikirie kuingiza ushonaji kwenye somo la hesabu, ili watoto wajifunze mambo ya kuwafaa maishani. Nilidhani fundi angefurahi. Akatikisa kichwa.

"Kushona nimemfundisha mimi," alisema. "Kwenu nimemleta ajue kwa nini sita inakataa. Mimi nimepima maisha yangu yote, na hilo silijui."

Halafu akanigeukia. Hakuwa na kinyongo hata chembe, ningeona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetembea sana akauliza njia, na sasa amefika kwa mwenyeji. Aliniuliza hivi ile yetu, ishirini na mbili juu ya saba anayoiona kwenye daftari la mwanawe, tulipima nini tukaipata.

Nikafungua mdomo kusema iko kwenye kitabu. Nikaona swali litakalofuata: na mwenye kitabu alipima nini? Nikamkumbuka mwalimu wangu, naye alituandikia ubaoni tukaandika. Miaka kumi na tisa nimeiandika ubaoni, darasa baada ya darasa, na sikuwahi kuzungushia tepu hata kikombe. Binti alikuwa ameshatoa kalamu na kipande cha karatasi, ananisubiri niseme aandike.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Hiyo nimenakili."