Nilipamba ukuta wa sebule kwa picha za ukweni, mama mkwe akaenda kuswali uani

Wakuu, habari za mchana. Kaeni mkao wa kusoma. Haya yametokea nyumbani kwangu na sijatia chumvi, chumvi niliyonayo iko jikoni.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Nuru, naishi Nguvumali, Tanga. Nimezaliwa Mlutheri kule Lushoto, Msambaa kabisa wa viazi na kwaya. Nilisilimu kwa hiari yangu nilipoolewa na Baba Nuru, dereva wa malori.

Mama mkwe yuko Pangani. Tangu tuoane alikuwa hajawahi kulala kwetu. Akija anakunywa chai, anaaga. Hajawahi kunitolea neno baya, ila mimi moyoni nilishajijibu: hajanikubali, ananiona wa kuja.

Juzi juzi tumehamia nyumba yetu wenyewe, bado inanuka rangi. Magoti ya mama yakawa yanamsumbua, Baba Nuru akamwomba aje akae kwetu awe karibu na hospitali. Akakubali. Wakuu, nilichachawa!

Sebule yetu ina ukuta mmoja mkubwa mtupu, ukiingia tu unakutana nao. Nilishaona mtandaoni watu wanapanga picha nyingi pamoja, kubwa kwa ndogo, ukuta unakuwa kama albamu. Nikasema huu ndio wa kumkaribishia mama.

Nikakusanya picha za ukweni kimya kimya kupitia wifi yangu. Marehemu baba mkwe na kanzu, ameshika baiskeli. Mama mwenyewe akiwa msichana, anatazama pembeni kwa madaha. Baba Nuru wa madrasa, pengo mbele. Mawifi na sare za vitenge. Studio kule Usagara wakazisafisha na kuzikuza, fundi akanitengenezea fremu.

(Ushauri wa bure: usianze na drili. Panga kwanza sakafuni, halafu kata magazeti saizi ya kila fremu, bandika ukutani kwa tepu, kaa kwenye kochi utazame. Utahamisha mpaka uchoke, lakini gazeti haliachi tundu.)

Za kwetu sikuweka hata moja. Nilijiambia ukuta umejaa. Ukweli ni kwamba picha nzuri ya mama yangu niliyonayo amevaa joho la kwaya, nikaogopa. Nikaiacha kwenye sanduku chini ya kitanda.

Mama akaja. Baba Nuru akamshusha, akaendelea na safari yake ya mpakani. Mama alisimama mbele ya ule ukuta muda mrefu. Akamgusa mzee kwenye kioo, akacheka alipoona lile pengo. Nikasema alhamdulillah, nimepasi.

Adhuhuri ikaingia. Akabeba kiti cha plastiki, maana magoti hayamruhusu kusujudu, akaenda uani, pembeni ya karo la kufulia, akaswali huko. Alasiri hivyo hivyo. Magharibi kulikuwa na manyunyu, akajibanza upenuni. Nikamwambia mama ingia ndani utalowa, akasema panatosha mwanangu.

Niliumia sana. Niliona anaiona nyumba yangu haifai kuswaliwa, kwa sababu yangu mimi na nilikotoka. Nikalia jikoni juu ya sufuria ya mchuzi.

Nikampigia Baba Nuru, nikamwaga yote. Akauliza, "Hizo picha umezitundika ukuta upi?"

Nikamwambia ule mkubwa, unaotazamana na mlango.

"Si ndiyo kibla hiyo, Mama Nuru?"

Nilibaki na mwiko mkononi. Mimi huswali chumbani. Sebuleni ni makochi na katuni za Nuru, sikuwaza kabisa! Na chumba cha mama kitanda kimekijaza, kiti hakienei. Kwa hiyo akiswali ndani, anamwelekea mzee na kanzu yake, mawifi, ukoo mzima, kama anawaabudu wao.

Nikapanda stuli nianze kushusha. Mama akatokea. Nikamwomba radhi machozi yananitoka, nikamweleza na nilivyokuwa nafikiria.

Alisikitika kweli. Akasema kibla aliiona tangu anaingia, ila angeanzaje kumwambia mtu aliyehangaika vile abandue? Na ile ya kutolala kwetu, alikuwa anaona haya kutubana kwenye chumba cha kupanga. Miaka yote hiyo najitesa bure.

Nikamwambia nazitoa zote.

"Usiwatoe. Wahamishie ukuta wa nyuma. Nikimaliza kumwombea mzee, nageuka namwona."

Kesho yake tukazitandaza sakafuni upya, yeye yuko kwenye kochi anaelekeza kama nyapara wa mkonge. Mara akaanza kutafuta. Akauliza mama yangu yuko wapi. Nikasema yupo chumbani. Akauliza kwa nini chumbani.

Nikaenda kuitoa ile picha kwenye sanduku. Akaifuta kwa ncha ya kanga, akalitazama lile joho na kitabu cha nyimbo mkononi. Akamtoa mwanawe mwenye pengo pale katikati, akamweka mama yangu, ubavuni mwa picha yake mwenyewe ya usichana.

"Akae hapa. Siku akija ajikute."

Sasa mama yangu naye alikuwa hajawahi kulala kwangu, anaogopa asije akawakera wakwe zangu. Nikampigia palepale. Akashuka na basi na kapu la mapeasi. Akaingia, akavua viatu, akageuka arudishie mlango, akajiona.

Alisimama na kitasa mkononi. Mama mkwe akamwambia, "Karibu kwako, mwenzangu."

Ninavyoandika hapa wako uani wanachambua mchele, wanalinganisha magoti. Siku hizi mama mkwe anaswali sebuleni.

Yale matundu ya upande wa kibla tuliyaziba, lakini rangi haikulingana, alama zinaonekana. Nimeziacha. Nikiziona nakumbuka kuuliza kabla sijajijibu mwenyewe. Namshukuru Mungu, na nawashukuru hao wamama wawili.

Haya wadau, leteni picha za kuta zenu tuone. Na mseme ukweli, nani mmemwacha kwenye sanduku?