Niliitikia Jina la Wambui

Usinicheke mpaka nimalize. Wala usiniulize nilikuwa nimekunywa nini, maana kule kambini Kaptagat cha kunywa kilikuwa chai, basi. Haya ninayokuambia niliyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio haya haya, na masikio ndiyo kazi yangu.

Mimi napiga filimbi. Nikisema hivyo hapa Eldoret watu huuliza kama mimi ni refa. Siyo ya refa, jamani. Ni ile ndefu ya chuma, yenye vitufe, inayoshikwa kwa ubavu mdomoni. Nimeipiga tangu nikiwa msichana wa shule, nimeipiga harusini na matangani, na mpaka leo naifundisha. Kwa hiyo niliposikia kuna semina ya wapiga filimbi wanaotaka kujifunza muziki wa kisasa, nilijiandikisha kabla ya kuuliza nauli. Waliiita semina ya kiangazi. Kiangazi gani, Agosti, Kaptagat? Tulivaa sweta mbili mbili na matope yakatufika kwenye vifundo.

Muziki huo wa kisasa si nyimbo za redio. Unaweza kupuliza pumzi tupu, au ukagonga vitufe bila kupuliza, au ukaimba ndani ya filimbi huku unaipiga. Mama yangu alisikia kidogo kwenye simu akauliza kama chombo kimeharibika. Mwalimu wetu, Mwalimu Simiyu, aliyekuwa amesomea mambo hayo ng'ambo, alitaka kila mmoja wetu ajitungie jina. Si jina la kutamka, ni la kupiga: mlio mfupi wa kwako peke yako. Mtu akikuita kwa mlio huo, popote ulipo unamwitikia kwa kuupiga uleule. Asubuhi tuliitana hivyo kutoka bafuni mpaka jikoni, na ilipendeza, siwezi kukataa.

Langu lilikuwa zuri. Noti tatu za kupanda, kama mtu anayejizuia kucheka. Lakini la Wambui!

Sasa tumefika kwa Wambui. Alikuwa binti wa mwenye duka la mbolea pale Cheptiret. Filimbi alikuwa ameishika juzi tu, tena ya kuazima, kitufe kimoja kimefungwa kwa raba. Jina lake lilianza kwa pumzi, vitufe vikagongwa mara mbili, kisha noti moja ya chini ikajipasua ikawa mbili. Sauti mbili kwa pumzi moja! Noti hiyo nilikuwa nimeihangaikia miaka na miaka, ikanitoa machozi, na haikunitoka. Yeye aliipiga huku anatafuta soksi. Mwalimu alipoisikia, kikombe chake cha chai kilisimama hewani.

Wivu ulinikaa kifuani kama kiungulia. Na ubaya wenyewe ni kwamba yule msichana alikuwa mtu mzuri. Angekuwa na madharau ningemchukia kwa raha zangu. Lakini aliniita dada, akaniwekea maji ya moto ya kuoga, na jioni alikuja kuketi kitandani kwangu na filimbi yake ya raba.

"Aki dada, si unifundishe kusoma hizi noti? Hapa mimi napotea kabisa."

Nilimfundisha. Kila nilichomfundisha leo, kesho alikipiga vizuri kuliko mimi. Sasa hapo ungefanya nini? Ungempigia makofi?

Kulikuwa na nafasi moja. Semina ilikuwa ifungwe kwa tamasha mjini, na mmoja wetu tu ndiye angepiga peke yake mbele ya watu. Mwalimu alisema hataki upendeleo. Angetundika leso katika ukumbi wa chakula, akae nyuma yake, asikie tu asione. Niliitaka nafasi hiyo mpaka ugali haukushuka kooni. Nilikuwa nimepiga nyuma ya kwaya maisha yangu yote, na nilijua nisipoipata safari hii, nitaendelea kukaa nyuma.

Siku ya kuchagua, jioni kabla ya chakula, nilitoka kwenda kufanya mazoezi pembeni mwa msitu, karibu na ile barabara ya udongo wanakokimbia wanariadha. Wambui nilimwacha jikoni anamenya viazi na wenzetu. Ukungu ulikuwa umeshuka, miti ya mbele naiona, ya nyuma siioni.

Ndipo nikasikia jina likiitwa kutoka msituni. Pumzi, vitufe mara mbili, noti iliyojipasua. Jina la Wambui.

Unajua nilichofikiria? Sikufikiria pepo. Nilifikiria Mwalimu! Nilisema moyoni, kumbe ile leso ni ya kutupumbaza, huyu mzee amejificha huku anamwita mtoto wake wa kupendwa amfundishe pembeni, leo leo.

Hata hivyo mimi nimelelewa. Nyanya yangu kule Bungoma alinifundisha kwamba ukiitwa giza likiingia na humwoni anayekuita, usiitikie mara ya kwanza, wala ya pili. Kisicho mtu hakina subira ya kuita mara ya tatu. Basi nikangoja. Likaitwa tena. Nikangoja. Likaitwa mara ya tatu, polepole, kama mtu anayebembeleza. Nikasema huyu ni binadamu. Niamini, nilifuata mila kama inavyotakiwa. Ila nyanya hakuwahi kuniambia ufanyeje ikiwa jina lenyewe si lako.

Kama kuna kitu Wambui alikuwa anaitiwa, nilikitaka. Nikainua filimbi nikaitikia. Pumzi, vitufe mara mbili, kisha ile noti. Na ikapasuka! Mara ya kwanza maishani mwangu ikapasuka, sauti mbili safi.

Aliyetoka kwenye ukungu hakuwa Mwalimu. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, amevaa suti ya mazoezi, anakimbia kupanda mlima kunijia. Kaptagat wakimbiaji ni wengi kuliko ng'ombe, kwa hiyo sikushtuka. Alisimama mbele yangu. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, bila doa, kwa matope yale. Na hakuwa anahema. Mimi kazi yangu ni pumzi, hilo huwezi kunidanganya. Baridi ilikuwa kali, mvuke unanitoka mdomoni na puani. Yeye haukumtoka hata kidogo.

"Wewe ndio Wambui?" akauliza, kwa Kiswahili cha hapa hapa kwetu.

Nafasi ya kusema hapana nilikuwa nayo. Ilikuwa pale, wazi.

"Ndio mimi."

"Nimekuita sana. Ulikuwa wapi?"

"Jikoni," nikasema. "Namenya viazi."

"Lete filimbi."

Nikampa. Akaiweka mdomoni akapuliza, na hakuna kilicholia. Alipuliza muda mrefu kuliko binadamu yeyote anavyoweza, bila kuvuta pumzi, akinitazama. Akanirudishia, na chuma kilikuwa baridi mpaka vidole vyangu vikanata.

"Sasa ni yako, Wambui. Haibadilishwi."

Akageuka akakimbia kurudi ukunguni, na sikusikia kishindo cha mguu. Nilibaki nimesisimka mwili mzima. Lakini nikwambie kweli, hofu ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine nilikuwa nawaza, nijaribu. Nikajaribu, noti ikapasuka. Nikajaribu tena, ikapasuka. Nilirudi kambini nikicheka peke yangu.

Baada ya chakula leso ikatundikwa. Mimi nilitangulia kabla ya Wambui. Nikasimama mbele ya ile leso ya maua, nikapiga wimbo tuliopewa sote, na sijawahi kupiga hivyo. Watu waliacha kukohoa. Nilipomaliza, Mwalimu akasema kutoka nyuma ya leso, kwa sauti ya mtu aliyeguswa:

"Wambui, asante mwanangu. Wengine nitawasikia kwa heshima yao, lakini nafasi ni yako."

"Mwalimu," Wambui akasema kutoka mlangoni, "mimi bado sijapiga."

Mwalimu akafunua leso, akanitazama kama anayetafuta mtu mwingine nyuma yangu.

"Nilitaka kukusikia wewe," akasema. "Mbona umeniletea mwenzako?"

"Sijamwiga, Mwalimu. Haki ya Mungu."

"Sawa. Hebu piga jina lako."

Nikainua filimbi. Noti tatu za kupanda, nilizozitunga mwenyewe. Ikatoka pumzi, vitufe mara mbili, noti iliyojipasua. Nikafuta mdomo, nikarudia. Lilelile. Vidole vyangu vilikuwa mahali pake, nilikuwa naviona! Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakidhani namfanyia Wambui dhihaka. Wambui hakucheka. Alitokwa na machozi, akaniuliza, "Dada, nimekukosea nini?"

Kisha akapiga. Ungetarajia amepungukiwa, si ndiyo? Mimi nilitarajia. Hakupungukiwa na chochote. Alipiga kama kawaida yake, na nafasi akapewa.

Nimebadilisha filimbi. Nimeombewa na wachungaji, nimekunywa na mizizi. Nikipiga chochote, hata wimbo wa watoto wa chekechea, anayetoka ni Wambui. Yeye sasa anaalikwa huku na huku, na bado ananitumia salamu, na bado namwonea wivu, usidhani nimepona. Juzi nilikuwa chumbani nafanya mazoezi, mama, ambaye alimsikia Wambui kwenye lile tamasha, yuko jikoni. Nilipotoka akaniambia, "Huyo Wambui wako mtoto anajua kupiga. Na wewe je, mbona siku hizi sikusikii?" Nilirudi chumbani nikafunga mlango.

Basi nisikilize, wewe unayemtazama mwenzako kwa jicho hilo ninalolijua. Ukisikia anaitwa, hata ukijua kabisa anaitwa kupewa, funga mdomo. Mwache aitikie mwenyewe. Huenda na mimi siku ile nilikuwa kwenye foleni, na jina langu lingeitwa baada ya lake. Huenda bado linaitwa mpaka leo, huko msituni, mara tatu, kwa subira. Nitaliitikia kwa sauti gani?