Simu Haipajui Maji Mawili

Mimi ni Mwajuma, fundi cherehani wa Kihonda, na nataka kueleza jinsi nilivyobaki na mguu mmoja na nusu. Wapo wanaoanza habari kama hizi kwa kumshukuru kila mtu. Mimi nitashukuru mwishoni, na orodha yangu ni fupi.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Nilikaa kwenye cherehani ya miguu tangu asubuhi hadi jioni, tepu shingoni. Sifa yangu ilikuwa vipimo. Gauni likikosea nusu inchi kifuani nalifumua lote, hata kama mteja hajaona kitu. Kisha presha ikapanda. Daktari akaniambia, "Mama, unakaa mno. Tembea." Nikajiunga na kikundi cha watu wa mjini wanaopanda Milima ya Uluguru kila Jumamosi.

Kiongozi wetu alikuwa Deo, kijana mchangamfu mwenye saa kubwa mkononi inayoongea na setilaiti. Alituwekea sote ramani kwenye simu. Njia ni mstari mwekundu, wewe ni kitone cha bluu. "Kitone kikiwa juu ya mstari," alisema, "huwezi kupotea hata ukitaka." Nikampenda kwa maneno hayo. Ndani ya miezi minne presha ikashuka, na mume wangu, Hamisi, akaanza kunitania kwamba nimerudi usichanani.

Jumamosi ile tulikuwa tisa. Saa tatu asubuhi tulimkuta bibi akipalilia maharage kando ya njia. Tukamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu. Mnashuka korongoni? Huko chini ni Maji Mawili. Panateleza. Mtu akipatwa na jambo ataje Maji Mawili, huku hakuna asiyepajua."

Deo akacheka. "Bibi, sisi tunatembea na setilaiti."

Na mimi nikacheka. Sikumjibu hata asante, nilikuwa natafuta mtandao. Kicheko kile nakikumbuka kila ninapovua mguu wangu wa bandia ili nilale.

Mimi ni mzito, kwa hiyo nikabaki nyuma. Deo akaniita kutoka mbele, "Wewe fuata mstari tu, dada, tutakusubiri juu!" Korongo lilikuwa jembamba, mwamba huku na mwamba kule, miti imefunga hadi mbingu huioni. Nilikuwa kwenye njia nzuri kabisa, imekanyagwa na wakulima, ina hata maganda ya ndizi. Nikatazama simu. Kitone kilikuwa kimeruka, kiko mbali na mstari.

Nikasimama. Macho yalisema niko njiani, simu ilisema nimepotea. Nikaiamini simu. Niliiacha njia ya watu nikaingia kwenye majani marefu kuutafuta mstari mwekundu, mstari ambao ardhini haupo. Hatua ya tano au ya sita, chini ya majani hapakuwa na kitu.

Sijui nilianguka umbali gani. Nilipofumbua macho, mfupa wa mguu wa kulia ulikuwa umetoka nje, kati ya goti na kifundo. Ulikuwa mweupe, mwembamba kuliko nilivyodhani. Damu ilitoka kwa vipindi, ikichanganyika na matope. Nilijikojolea. Nasema hilo kwa sababu nimesoma shuhuda nyingi na sijaona anayelisema. Nikavua mtandio, nikaufunga juu ya goti, nikaukaza kwa kijiti mpaka damu ikakoma.

Mtandao ulikuja na kupotea. Nikampata Deo.

"Tuma lokesheni," akasema.

Nikabonyeza. Kitone changu kilikuwa kimezungukwa na duara hafifu, pana, limemeza bonde na kilima cha pili. Chini yake simu iliandika kwamba usahihi ni mita mia tatu. Yaani simu yenyewe ilikiri kwamba haijui nilipo. Nilisoma maneno hayo. Mimi nisiyekubali nusu inchi nikatuma mita mia tatu. Ilikuwa saa nne na nusu.

Saa sita Deo akapiga. "Dada, tumefika. Tumesimama juu ya alama yako. Mbona hatukuoni?"

"Mimi nipo."

"Labda umesogea?"

"Nisogee na nini, Deo?"

Walikuwa kwenye kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, lakini mvumo wa maji ya korongoni uliimeza. Nikatuma tena. Safari hii alama ikaangukia kwingine, na wao wakahamia nayo. Mguu ukaanza kufa ganzi, nami mpumbavu nikashukuru kwamba maumivu yamepungua.

Kama saa nane hivi niliacha kupiga kelele. Nikalala nikisikiliza, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Kushoto kwangu maji yalikuwa yakishuka kwa kishindo. Baadaye nikasikia mengine upande wa kulia, sauti nyembamba zaidi. Maji mawili. Niliona aibu kabla sijaona matumaini.

Nikampigia Deo. "Niko Maji Mawili! Muulizeni yule bibi!"

Najua alikuwa anatafuta. "Hilo jina halipo kwenye ramani," akasema, na hapo chaji yangu ikaisha.

Baadaye niliambiwa kwamba walizunguka alama yao saa nzima zaidi. Ni dada mmoja wa kikundi aliyechoka na ujinga ule, akarudi hadi kwenye maharage na kumtajia bibi jina. Bibi alitupa jembe kabla sentensi haijaisha. Saa kumi nikaona miguu pekupeku ikishuka kwenye mwamba. Alinishika kichwa.

"Si nilikupa jina, mwanangu? Weye ulilitupa wapi?"

Aliita wanaume wa mashambani, wakanibeba kwa machela ya mianzi.

Hospitalini, siku ya tatu, vidole vyangu vilikuwa vyeusi na chumba kilinuka. Aliyekuwa ananuka ni mimi. Daktari alivuta kiti. "Mtandio ndio uliokuokoa, na mtandio ndio ulioua mguu. Ulikaa umefungwa muda mrefu mno. Ungefika mapema, leo tungeongelea kuunga mfupa tu."

Hamisi akageukia ukutani. "Mlimani ulifuata nini?" akauliza. Nilimchukia kwa swali lile, kisha nikamwambia daktari akate.

Wakakata juu ya goti. Wiki nzima vidole visivyokuwepo viliniwasha, nikakuna shuka. Nilijifunza magongo, kisha mguu wa bandia, kisha cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake. Mshono wangu ulipinda miezi mingi kabla haujanyooka.

Deo alikuja kuniona na mfuko wa machungwa. Alikuja na simu pia. "Angalia mwenyewe, Dada Mwajuma. Tulifika pale pale ulipotuma. Watu wanatusema vibaya." Alitaka niwaambie watu kwamba hawakukosea. Nikamwambia, "Kweli, hamkukosea. Mlifika kwenye kosa langu bila kupotea hata hatua moja." Machungwa nikawapa wagonjwa wenzangu.

Namshukuru Mungu, na baada yake yule bibi. Anaitwa Bibi Tausi, na jina lake nilikuja kulijua nikiwa kwenye machela. Kwenu mnaopenda milima sina mengi. Msizitupe simu, hata mimi ninayo. Ila kabla hujatuma alama, tazama duara lake, na kama ni pana sema hivyo kwa mdomo. Kwenye korongo na miti mizito, amini njia yenye nyayo. Na mwenyeji akikutajia jina la mahali, lirudie mbele yake mpaka ulishike.

Juzi mteja wangu mmoja alinionyesha ile ramani ya kikundi. Wameweka alama mpya, wakaiandika "Alipoanguka Mwajuma." Watu hupumzika pale na kupiga picha. Nikaisogeza karibu na macho. Ipo kwenye kile kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Sijawahi kukanyaga pale, hata nilipokuwa na miguu miwili.