Uso Nisiouchora

Wewe unayenisikiliza, kama umeshika penseli na unataka kuchora katuni za kuchekesha, usiogope. Mkono hujifunza upesi. Kinachochelewa ni kujua maneno ya kutia midomoni mwa watu wako, na hilo nitakueleza kwa kisa kilichonipata mwenyewe.

Kila Ijumaa nilikuwa nikichora katuni ya vyumba vinne, yaani visanduku vinne vya picha, naipiga picha, naituma kwenye kundi la simu la mtaa wetu, Jang'ombe. Nilishagundua mapema kwamba ukisema jambo waziwazi watu hucheka mara moja. Ukilisema nusu, wanacheka, wanarudi kuangalia, kisha wanacheka zaidi. Maneno kama "baadhi ya watu", "wale wenzetu" na "mambo yao" hufanya kazi kubwa kuliko matusi. Unaacha pengo, na msomaji analijaza kwa mtu anayemjua yeye.

Ijumaa moja nilichora hitima, kile kisomo cha kumwombea maiti. Chumba cha kwanza, mwanamke wa buibui anaingia na mkoba. Cha pili, kisomo kinaendelea. Cha tatu, masinia ya pilau yamewekwa. Cha nne, yule mwanamke anatoka, mkoba umevimba, kifuniko cha bakuli la plastiki kinachungulia. Mlangoni wanawake wawili wanasemezana:

"Nani yule?"

"Mh! Baadhi ya watu."

Uso wa mwanamke sikuuchora. Nilimgeuza mgongo, kwa sababu migongo ni rahisi kuchora na kwa sababu sikuwa na mtu yeyote akilini. Wanaume na wanawake hatukai pamoja hitimani; sikujua nani anabeba nini.

Kundi lilichemka.

"Huyu namjua mie!"

"Wa nyumba ya kona?"

"Sijasema kitu. Macho yangu tu."

"Mchoraji, leo umetoboa!"

Nilifurahi sana. Kufika Jumapili, mtaa mzima ulikuwa umekubaliana ni nani bila ya mtu hata mmoja kumtaja.

Waliyemkusudia alikuwa shoga wa mama yangu tangu ujana wao. Mama haoni vizuri sasa. Kila palipokuwa na hitima, bibi huyo alipita kwetu, akamshika mkono, wakaenda wote, na huko akamkalia ubavuni akimsomea taratibu ili amfuatishe. Baada ya katuni ile hakupita tena. Hitima ya kwanza mama alivaa, akakaa ukumbini akisubiri mpaka watu wakarudi. Ya pili hakuvaa.

"Nenda kaniulizie nimemkosea nini," akaniambia. "Mie bila yeye siendi popote."

Nilimkuta bibi kizingitini kwake, anadarizi kofia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakuulizia. Anadhani amekukosea."

"Mwambie hajanikosea." Sindano haikusita.

Nikamwambia kwamba katuni ile sikumchora yeye.

"Nnajua. Hukumchora mtu. Hilo ndilo lililoniweka ndani." Akaiweka kofia mapajani. "Ungenitaja jina, mwanangu, ningekufuata pale barazani kwenu nikakupa maneno yako mbele ya watu. Ungeomba radhi, yakaisha. Wewe umesema 'baadhi ya watu'. Nikijibu, watasema, kumbe ni yeye! Nisipojibu, wameshasema. Sasa hebu nifundishe, nifanye lipi?"

Nikaaga, nikaondoka. Kama yeye aliwahi kubeba bakuli kweli, sikumwuliza wala hakuniambia.

Njiani nilianza kuandika ujumbe wa kundi: "Katuni ile ya hitima haikumlenga mtu yeyote." Nikaufuta. Nao ulikuwa wa aina ileile, na ungewapa watu wiki nyingine ya kucheka. Nilivyoona, lililoharibiwa kwa kutotaja lilitaka kutajwa.

Ijumaa iliyofuata nilichora hitima ya wanaume. Nilimchora mtu mwenye miwani yangu, kitambi changu na jina langu limeandikwa kifuani, anajaza pilau ndani ya kofia yake. Chini niliandika kwamba ile ya mwanzo niliibuni mwenyewe, kwamba sikuwahi kumwona mwanamke yeyote akifanya vile, na kwamba nimewakosea kinamama wanaokwenda kuwasomea maiti wetu.

Walicheka kidogo. Mmoja akauliza kama pilau ilikuwa ya moto. Hakuna aliyeuliza ni nani, na mazungumzo yakahamia kwenye maji ya mfereji. Kama katuni, ilikuwa dhaifu, lakini siku ile nilijifunza kwamba ukijitaja, mzaha unakwisha pale ulipouanzisha.

Hitima iliyofuata bibi hakuja. Mama alishinda ndani; nilikuwa nimempa jibu la bibi kwamba hajamkosea, lakini ya katuni sikumweleza. Ya baada yake nikasikia hodi.

"Umevaa wewe?" bibi akauliza kutoka mlangoni. "Au nikusubiri mpaka kesho?"

"Sijavaa! Ungeniambia!"

"Basi vaa. Kisomo hakikungoji."

Akanipita bila ya kunitazama, akaingia chumbani kumsaidia.

Kwa hiyo chora, na cheka unapochora. Ukimaliza, jiulize katika mtaa wako katuni hiyo inaweza kumwangukia nani, hata kama hukumkusudia. Nenda kwake, kaa naye, umsomee maneno yote kwa sauti. Ukiona huwezi kumsomea, ichane.